Wakuu wa Dodoma, nimekaa chini ya mwarobaini nikahesabu sekunde za mataa

#1 Mleta mada

Mbukwenyi wakuu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Naishi Nkuhungu, nafundisha upande wa mashariki, mbele ya Kisasa. Kila asubuhi naukata mji mzima kutoka magharibi kwenda mashariki, na siku nyingi nafika shuleni nimechoka kabla sijashika chaki. Umbali wenyewe si wa kutisha. Jumapili naumaliza kwa dakika ishirini na kidogo. Jumatatu ni saa nzima, na Bunge la Bajeti likianza mwezi wa nne inakuwa saa na robo.

Kwa muda mrefu nilisema kama wanavyosema wote: magari yameongezeka, barabara hazitoshi. Na ni kweli yameongezeka. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 Dodoma Mjini, ya 2022 ikakuta 765,179. Serikali imehamia, Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, watumishi wamekuja na familia zao na magari yao. Hilo sibishani na mtu.

Ila mwezi uliopita kuna kitu kilinikaa rohoni. Nilikuwa kama wa kumi na tano kwenye foleni, makutano ya barabara kuu na mtaa unaoshuka kutoka kwenye makazi. (Makutano siyataji, maana najua mjadala utaishia kwenye taa hiyo moja wakati ugonjwa huu uko sehemu nyingi.) Taa yetu nyekundu. Taa ya mtaa ule imeruhusu, na mtaa wenyewe mtupu. Mbwa alivuka taratibu, akasimama katikati, akaendelea na safari yake. Nyuma yangu foleni mpaka mwisho siuoni kwenye kioo, na sote tumekaa tunaisubiri barabara isiyo na mtu imalize zamu yake.

Jumatano iliyofuata sikuwa na vipindi vya asubuhi. Gari nikaliacha nyumbani, nikaenda na daftari, nikakaa chini ya mwarobaini karibu na mama anayeuza karanga na zabibu pale. Nilianza saa 12:30 asubuhi mpaka saa 2:30, saa yangu ikiwa simu. Yule mama aliponiona nahesabu aliniambia kitu ambacho kingeniokolea kazi yote: "Mwanangu, taa ya huku ikikamata nauza magari sita mpaka saba na chenji narudisha. Ya kule ikikamata, hata moja sijamaliza."

Haya ndiyo niliyoandika. Mzunguko mzima wa taa ni sekunde 120. Barabara kuu, ambako foleni ipo, inapewa kijani sekunde 28. Mtaa ule unapewa 40. Zamu ya wanaokata kulia ni 20, mtaa wa upande wa pili 16, zinazobaki ni njano na ule muda mfupi ambao taa zote ni nyekundu. Na ni hivyohivyo saa 12:30, saa 1:15, saa 2:20. Nikarudi saa 7 mchana, hivyohivyo. Nikapita saa 4 usiku nikitoka msibani, hivyohivyo.

Sasa hesabu, na naomba mnivumilie, hii ndiyo kazi yangu. Taa ikiruhusu, sekunde kama mbili zinapotea dereva wa kwanza akitoa breki na kuingiza gia. Baada ya hapo, foleni iliyobanana hupitisha gari moja kila sekunde mbili kwa kila njia. Kwa hiyo sekunde 28 ni gari 13. Asubuhi ile, katika kila mzunguko, gari 20 zilikuwa zinafika kwenye kila njia. Zinakuja 20, zinaondoka 13, saba zinabaki. Mzunguko unaofuata saba nyingine. Kwa nusu saa ni mizunguko 15, yaani gari 105 kwenye njia moja, na kila gari na nafasi yake ni kama mita sita au saba barabarani. Hapo unayo foleni ya zaidi ya mita 600, imetengenezwa na taa, siku ambayo hakuna ajali wala mvua.

Upande wa mtaa sekunde 40 zinatosha gari 19. Zilikuwa zinapita tano, sita. Sekunde 14 zinawatosha, zinazobaki zinamwagika.

Chukua sekunde 15 kwenye mtaa, ziongeze barabara kuu. Inakuwa na 43. Toa mbili za kuanzia, gawa kwa mbili: gari 20. Zinafika 20, zinaondoka 20. Foleni haiongezeki tena. Hakuna tingatinga lililokuja, hakuna nyumba iliyopigwa alama ya X.

Ndiyo maana naandika. Kuongeza njia moja ya lami ni mabilioni na miaka. Hizi sekunde zinataka mtu mwenye ufunguo wa lile sanduku la taa, na karatasi ya hesabu iliyofanywa barabarani, saa ya foleni, siku ya kazi. Ile asubuhi mji wetu unaelekea mashariki, Bungeni na Mtumba, kwa sababu ofisi za serikali zinafungua saa 1:30. Jioni kuanzia saa 9:30 mji unarudi magharibi. Mchana unatawanyika. Taa yenye mpango mmoja kwa saa zote 24 lazima ikosee sehemu kubwa ya siku. Inahitaji mpango wa asubuhi, wa jioni, wa mchana na wa usiku.

Usiku nimeutaja makusudi. Saa 4 usiku ukisimama peke yako sekunde tisini kwenye taa nyekundu huku huoni taa ya gari upande wowote, kidogo kidogo unajifunza kuipita. Wengi wameshajifunza. Halafu siku moja wawili wanakutana katikati, kila mmoja anajua barabara ni tupu. Taa isiyo na haki inawafundisha watu kutoiheshimu taa, na hilo linaniogopesha kuliko dakika zangu.

Nataka kusikia kutoka kwenu. Mnaona nini kwenye mataa ya kwenu? Nawasilisha.

#2 Mdau wa Kizota

Mwalimu umenisemea. Mimi nilidhani ni macho yangu. Kuna mataa napita ambako taa ya kuelekea mjini inaruhusu, magari matano yanapita, njano. Wa sita akijaribu anasimamishwa mbele na trafiki. Ukimwambia askari taa ilikuwa fupi, unaonekana una mdomo.

#3 Dereva wa bajaji, Sabasaba

Nafanya kazi ya bajaji mwaka wa sita sasa, nazungukia Sabasaba, Majengo, Makole, wakati mwingine hadi UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwalimu kahesabu taa moja, mimi naziona zote, ngoja niongeze.

Kwanza, kuna kijani kisicho na maana. Taa inakuruhusu, unaangalia mbele, pale kwenye mataa yanayofuata wamekamatwa na foleni imerudi mpaka miguuni mwako. Unakwenda wapi? Wasio na subira wanaingia tu, wanakwama katikati ya makutano. Sasa wa kulia na kushoto zamu yao ikifika, njia imezibwa. Hapo hata ungewapa sekunde mia hawatoki. Mataa mawili yaliyo karibu lazima yaongee. Ya kwangu ikiruhusu, ya mbele iwe imeshaanza kumwaga watu.

Pili, vituo. Kuna sehemu kituo cha daladala kiko hatua chache baada ya mataa. Daladala mbili zikisimama kushusha, ya tatu inabaki nje ya kituo, njia ya kushoto imekufa. Mwalimu kasema gari 13, pale hazifiki hata sita.

Tatu, wanaokata kulia. Pasipo na mshale wao, mtu mmoja anayesubiri kukata kulia anawafungia wote waliomfuata. Wanaanza kumkwepa kwa kushoto, wanabanana na bodaboda, hapo ndipo vioo vya pembeni vinapovunjika.

Najua mtasema na sisi bajaji tunachomekea. Tunachomekea, ndiyo. Lakini angalieni: bajaji na boda zikitangulia mbele kabisa kabla taa haijaruhusu, zinaondoka haraka, nyuma gari zinakuja zimenyooka. Kinachoharibu ni yule anayechomekea taa ikiwa imesharuhusu. Huyo anamfanya dereva wa gari akanyage breki, na breki moja inarudi nyuma mpaka gari la kumi. Tukiwekewa eneo letu mbele ya mstari, limechorwa, vurugu itapungua.

Zamani asubuhi nilikuwa napiga safari sita mpaka saa 3. Sasa nne nikibahatika. Bosi hesabu yake haijapungua.

#4 Mdau wa Area C

Mwalimu nakuheshimu lakini mnacheza na sekunde. Huu ni mji mkuu. Dawa ni madaraja ya juu kama Dar na barabara za njia sita. Barabara ya mzunguko ikikamilika malori yote yatatoka mjini. Hizo taa tutazifumua zote.

#5 Mleta mada

Mkuu wa Area C, barabara ya mzunguko naisubiri kwa hamu kuliko unavyodhani. Ni kilomita 112.3, inapita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa mpaka Matumbulu, na inawahusu wale wanaotoka Dar es Salaam kwenda Singida, Mwanza, Rwanda na Burundi bila kuwa na shughuli yoyote Dodoma. Lori lenye tela likisimama kwenye taa linachukua muda wa gari ndogo mbili au zaidi kuondoka. Likiwa la kwanza kwenye mstari, sekunde kadhaa za kijani chetu zinakwenda nalo. Kwa hiyo yakihama, afueni itakuwepo, tena kubwa.

Lakini angalia Tazara pale Dar. Daraja la Mfugale lilifunguliwa Septemba 2018, Barabara ya Nyerere ikapita juu. Na chini ya daraja mataa bado yapo. Daraja halikuondoa haja ya kupanga sekunde. Na mtu anayetoka Nkuhungu kwenda Kisasa hatazunguka Veyula. Atapita mjini, kwenye mataa haya haya. Lami tuijenge, sipingi. Nasema tusisubiri lami ili tugeuze kitufe.

Dereva wa Sabasaba, asante sana. Ulichosema kuhusu mataa mawili kuongea, nimekipigia hesabu. Chukua mataa yaliyoachana mita 600. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa unatembea mita 11 na kidogo kila sekunde, kwa hiyo unafika kwenye taa ya pili baada ya sekunde kama 54. Taa ya pili ikiruhusu sekunde 54 baada ya ya kwanza, kundi zima linapita bila kusimama. Zikiruhusu kwa pamoja, kama ninavyoona mahali fulani, unakimbizana nayo, unafika imeshakamata. Mtu anakanyaga mafuta ili aiwahi, anafika 70 mjini, wakati sheria ni 50. Na ili ziongee ni lazima zote mbili ziwe na mzunguko wenye urefu mmoja, vinginevyo zitapatana dakika hii na kuachana dakika ijayo.

#6 Fundi wa taa

Nimesoma uzi wote. Nimefanya kazi ya kufunga na kukarabati taa hizi mikoa miwili, kampuni siitaji. Nieleze yaliyomo ndani ya lile sanduku la kijivu pembeni ya barabara, maana watu wengi wanadhani kuna mtu ofisini anabonyeza.

Taa nyingi zinaweza kuwa na mipango mingi kwa siku. Sanduku lina saa ndani, unaliambia saa 12 asubuhi tumia mpango huu, saa 3 ule. Uwezo upo tangu zinaponunuliwa. Mara nyingi siku ya kukabidhi mradi unawekwa mpango mmoja wa kuanzia, kwa makadirio, ili taa ziwake na mgeni rasmi akate utepe. Marekebisho yanatakiwa yafuate baada ya magari kuhesabiwa. Mkandarasi ameshaondoka, kipengele cha kurudi kuhesabu hakikuwekwa kwenye mkataba, na ule mpango wa kuanzia unabaki miaka. Nimewahi kufungua sanduku nikakuta karatasi ya siku ya kukabidhi bado imebandikwa mlangoni kwa ndani.

Kuhusu ule mtaa mtupu unaopewa kijani kirefu, Mwalimu, kuna sababu ambayo huwezi kuiona kwa macho. Baadhi ya taa zina nyaya zilizozikwa kwenye lami kabla ya mstari wa kusimama. Gari likisimama juu yake, sanduku linajua kuna mtu. Sasa siku wanapokuja kuchimba kupitisha bomba la maji au kebo, waya unakatwa. Wakifukia wanaweka kiraka cha lami wanaondoka. Waya ukishakatika, sanduku limetengenezwa lisimwonee mtu: linachukulia kwamba gari lipo muda wote, na linatoa kijani chote mpaka ukomo, kila mzunguko, mchana na usiku. Ukiona mtaa mtupu unapewa zamu ndefu, tafuta kiraka karibu na mstari.

Mambo ya umeme nayo. Mataa mawili yanaongea kwa kutegemea saa zao zifanane. Umeme ukikatika na betri ya ndani ikiwa imekufa, saa inapotea. Ukirudi, taa hii inadhani ni saa 6 usiku, jirani yake anajua ni saa 1 asubuhi. Zile sekunde 54 zako zinageuka kuwa bahati nasibu. Nimerekebisha foleni ya mtaa mzima kwa kubadilisha betri ndogo na kuweka saa sawa. Kazi ya asubuhi moja.

Halafu msiombe mzunguko urefushwe sana. Mwingereza mmoja, F. V. Webster, alichapisha mwaka 1958 hesabu ya kutafuta urefu unaofaa, na mafundi wanaitumia hadi leo. Mzunguko ukiwa mfupi mno, sekunde zinaishia kwenye njano na kuanza upya. Ukiwa mrefu mno, wa pembeni wanasubiri hadi wanakata tamaa na kuivunja taa. Katikati hapo ndipo pazuri, na hupapati bila kujua ni gari ngapi zinatoka kila upande. Ndiyo maana daftari la Mwalimu ni zana kamili, msilidharau.

#7 Mdogo wa trafiki

Kaka yangu ni askari wa usalama barabarani, si Dodoma. Naomba niwasemee kidogo maana kila foleni lawama ni zao.

Askari hasimamishwi kwenye mataa kwa sababu anapenda jua. Anapelekwa kwa sababu taa imeshindwa. Anaona foleni ndefu, anawaita wa upande huo mpaka waishe. Hapo upande mwingine umesimama dakika nne, tano, na yeye haoni mwisho wake. Kaka anasema kitu kigumu ni kwamba akishaanza kuongoza kwa mkono hawezi kuacha katikati, kwa sababu taa itakamata foleni aliyoitengeneza yeye. Na msafara wa viongozi ukipita, wote wanasimama, baada ya hapo mji unachukua muda mrefu kurudi sawa.

Lakini mwalimu, hesabu yako inamhusu na yeye. Foleni iliyobanana inapitisha gari moja kila sekunde mbili. Ile iliyobanana ikiisha, zinaanza kupita moja moja, sekunde nne, tano. Askari anayesubiri "waishe kabisa" anatoa sekunde ghali kwa magari machache. Nilimwonyesha kaka uzi huu jana. Alinyamaza, akasema hilo hakuwahi kufundishwa.

#8 Mama wa Makole

Habari za kazi. Nimewasoma wote na sijaona mtu anayetembea kwa miguu.

Mwalimu, unachukua sekunde 15 kwenye ule mtaa unaouona mtupu. Je, unajua hizo sekunde 40 za mtaa ndizo sekunde za sisi kuvuka barabara kuu? Magari yenu yakiwa yamesimama ndipo tunapita. Watoto wangu wawili wanavuka hapo kwenda shule, mkubwa yuko darasa la nne, anamshika mdogo mkono. Mama yangu ana miaka 74 na mkongojo. Mtaa unaweza kuwa hauna gari na kivuko kikawa na watu thelathini. Ulihesabu magari tu, kwa hiyo uliona magari tu.

Hata sasa, kwa hizo 40, mama yangu akianza amechelewa kidogo anaishia kwenye ukingo wa katikati, anasimama hapo magari yanapita mbele na nyuma yake. Kabla hamjagusa sekunde hizo, njooni mtembee naye.

#9 Mleta mada

Dada yangu wa Makole, umenishika, na umenishika kwa haki. Daftari langu lina safu nne za magari na hakuna safu ya watu. Nimefundisha watoto miaka kumi na mmoja wasome swali lote kabla ya kujibu, na mimi nilisoma nusu.

Jana jioni nilirudi. Nimepima kwa hatua upana wa barabara kuu pale, pamoja na ukingo wa katikati ni kama mita 18. Mtu mzima mwenye afya anakwenda mita 1.2 kwa sekunde, anavuka kwa 15. Bibi mmoja nilimsindikiza, hakuwa na mkongojo, tulitumia 22. Mama yako atahitaji zaidi, na lazima kuwe na akiba kwa anayeanza amechelewa. Kwa hiyo 25 nilizokuwa nimeuachia mtaa ni chache mno, nimezifuta.

Pendekezo langu sasa: mtaa ubaki na 28. Hapo nimechukua 12. Tatu nimezitoa kwa wanaokata kulia, maana zamu yao ya 20 haijai asubuhi. Barabara kuu inafika 43 ile ile. Na anayevuka awe na taa yake mwenyewe, inayoruhusu kabla magari ya mtaa hayajaanza kukata kona, ili dereva amkute tayari yuko barabarani anaonekana. Kama kwa mama yako 28 hazitoshi, basi ziongezwe, na sisi wenye magari tusubiri. Foleni ya mita 100 naweza kuishi nayo.

Fundi, nilipita kwenye ule mtaa kutazama lami. Kiraka kipo. Kinakatiza barabara yote, mita chache nyuma ya mstari.

#10 Mzee wa Kikuyu

Vijana wangu, mimi nilikuja Dodoma nikiwa kijana, miaka michache baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa. Nilikuwa mchora ramani. Mpango kabambe wa mwaka 1976 uliandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, kwa ajili ya CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na mimi ramani zake nilizifungua kwa mikono hii.

Msingi wa mpango ule ulikuwa mtu anayetembea, mwenye baiskeli, na basi. Makazi yalipangwa yafuate njia ya basi, mtu atoke nyumbani atembee kidogo apande. Gari la binafsi halikupewa kiti cha mbele. Mengi hayakutekelezwa, fedha hazikuwepo, na mji ulikaa usingizini miaka mingi. CDA yenyewe ilivunjwa Mei 2017, mwaka uliofuata tukawa Jiji. Mji ulipoamka, uliamka na magari.

Ninachotaka kumwambia Mwalimu, na huyu mama amekaribia kukisema: hata ukihesabu kwa usahihi, bado unahesabu mabati. Gari lako linapita na mtu mmoja, labda wawili. Daladala inapita na watu ishirini na tano. Kwenye daftari lako vyote ni kimoja kimoja. Ukigawa sekunde kwa kuhesabu magari, unampa mwenye gari haki mara ishirini ya mwenye nauli. Mitaa kama Chang'ombe inaweza kutoa magari machache asubuhi na watu wengi kuliko barabara yako kuu, kwa sababu wamebanana kwenye daladala na wengine wanatembea. Hesabu watu, mwanangu.

#11 Dereva wa bajaji, Sabasaba

Mzee kaongea. Asubuhi daladala za mitaani zinakuja zimejaa hadi mlangoni, zinakaa nyuma ya gari za mtu mmoja mmoja. Konda anashuka anatembea mbele kuangalia kuna nini.

#12 Mleta mada

Shikamoo mzee wangu wa Kikuyu. Nimekaa na maneno yako siku mbili.

Nimeamua kurudia kazi yote. Hesabu yangu ya kwanza ilinionyesha kwamba sekunde zinamwagika, na hilo bado nalisimamia. Lakini nani apewe zile zinazomwagika, sikuwa na haki ya kulijibu kwa daftari lile. Nimechora fomu mpya, ukurasa mmoja. Kila mzunguko wa taa ni mstari mmoja. Safu ni hizi: sekunde za kijani, gari ndogo, daladala na mabasi, malori, bajaji na boda, makisio ya watu waliomo, wanaovuka kwa miguu, na wangapi walibaki taa ilipokamata. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu, maana waliobaki ndio foleni. Pembeni kuna nafasi ya kuandika vitu kama kiraka kwenye lami, kituo kilichokaribia mno, au mataa ya mbele yaliyoziba.

Kuhusu pa kupeleka: barabara kuu zinazotuunganisha na mikoa mingine ziko chini ya wakala wa TANROADS, za mitaani ziko chini ya wakala wa TARURA. Makutano mengi ya mataa yanakutanisha zote mbili, kwa hiyo barua itakuwa moja yenye nakala mbili, na ya tatu kwa askari wa usalama barabarani, kwa sababu wao ndio wanaosimama pale juani. Mwenyekiti wa mtaa wetu amekubali kuipitisha kwenye mkutano. Barua haitalaumu mtu. Itakuwa na kurasa za hesabu, na maombi matatu: nyaya zilizokatwa ziunganishwe, saa za mataa jirani ziwekwe sawa, na ziwepo sekunde za asubuhi, za mchana, za jioni na za usiku, zikipangwa upya kila mji unapobadilika.

Fundi, nakuomba usome kabla haijaondoka, unirekebishe maneno. Dereva wa Sabasaba, nimekutumia ujumbe, nataka zile sehemu za vituo uzielekeze wewe. Dada wa Makole, naomba mama yako, kama afya inamruhusu na mwenyewe anaridhia, avuke mara tatu tukiwa tumeshika saa. Nitakuwa naye pembeni, na trafiki wa zamu nimeshaongea naye.

Jumanne ijayo, saa 12:15 asubuhi, chini ya mwarobaini. Nina fomu ishirini na kalamu. Wanafunzi wangu wanne wa kidato cha tatu wamepata ruhusa ya wazazi, watakaa juu ya ukuta mbali na barabara. Kuna nafasi ya watu wengine wanane, wawili kila upande. Yule mama wa karanga amesema atatuwekea benchi.